Kigari cha Mwalimu Kilichokataa Kuchaji

Taarifa ya msiba ilinikuta Chekereni, nilikokwenda kununua mchele. Mpwa wa Mwalimu alinipigia simu akasema tu, "Mjomba hajaamka." Mjomba huyo ni mwalimu mstaafu wa fizikia wa Old Moshi, ambaye baadhi yenu mlimfahamu kwa kigari chake chekundu kilichokuwa na mlio wa pikipiki. Daktari ametaja moyo. Sisi tuliokuwa tukimtembelea tangu afiwe na mkewe hatukuhitaji kutajiwa kitu. Tumemzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, kando ya mkewe, na nimerudi mjini nikiwa na uzito ambao sijui nautua wapi isipokuwa hapa gazetini.

Kigari kilimfikia kikiwa vipande ndani ya kasha, zawadi ya shemeji yake aliyeko ng'ambo: fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba na viti viwili. Injini aliitafuta mwenyewe, ya pikipiki kubwa iliyopata ajali Arusha. Alikiunganisha kwenye banda lililokuwa la ng'ombe, akaipaka fremu rangi tabaka juu ya tabaka hadi ikang'aa kama sahani. Mkewe alipokiona mara ya kwanza aliuliza, "Baba, hili ni gari au kiatu?" Lakini alikuwa na hamu nacho. Alizaliwa Kahe, kule tambarare, na dada yake mkubwa alikuwa bado huko, hawezi tena kupanda mlima. Mwalimu alimwahidi kwamba safari ya kwanza itakuwa ya kwa dada.

Hawakufika. Kigari kilizimika kwenye mashamba ya mpunga, betri imekauka kabisa, na Mwalimu akanipigia simu niende na kamba nikawavute. Niliwakuta kando ya mfereji. Yeye ameinamia nyaya, kipima umeme mkononi. Mama ameketi kwenye nyasi, kiganja chake amekikandamiza chini ya mbavu za kulia.

"Shikamoo mama. Pole na jua."

"Marahaba, mwanangu. Jua si kitu. Ni hapa tu panapokata."

"Bado tumbo?" Mwalimu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado. Lakini linapita."

"Ukifika nyumbani unywe ile dawa." Kisha akanigeukia, macho yanawaka. "Njoo uone kitu cha ajabu. Injini inazunguka vizuri kabisa, lakini betri hailishwi!"

Miezi iliyofuata nilimwona akiwa katika raha ya ajabu. Mafundi wa mjini walimpa majibu ya haraka: mmoja alisema abadilishe betri, mwingine akasema koili zimeungua. Akawakatalia wote. "Mimi sibadilishi kitu ambacho sijakipima," alisema, na kwa kweli alipima. Betri ilikuwa nzima. Koili za injini zilitoa umeme sawasawa. Kifaa kinachoupokea umeme huo na kuupeleka kwenye betri, wenyewe wanakiita rektifaya, nacho kilikuwa kizima. Kila kitu kizima, na bado chaji hakuna. Siku hizo hizo mama alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa, akamaliza hizo, akapewa nyingine, akaambiwa huenda ni taifodi, akapewa za taifodi. Mtori aliokuwa akiupenda sasa aliuacha nusu bakuli.

Hatimaye akaugundua ubovu. Kwenye pikipiki, rektifaya hufungwa kwenye chuma kitupu, na chuma hicho ndicho kinachokamilisha njia ya umeme. Yeye alikuwa ameifunga juu ya ile rangi yake nzuri. Akakwangua kidogo kwa msasa, sehemu isiyozidi ukucha, akakaza bolti, akawasha. Aliniita kwa simu akipiga kelele kama mtoto, nami nikapanda kwenda kushuhudia kipimo kikisoma volti kumi na nne. "Mama! Njoo uone, tunakwenda Kahe!" Mama alifika mlangoni, akashika mwimo, akatabasamu. Hakuweza kushuka ngazi. Hapo ndipo wote wawili tulipomtazama, na tukaona kwamba macho yake yalikuwa ya manjano.

Hospitalini walimpima siku hiyo hiyo. Ini. Daktari, binti mpole, alisema wangemleta mapema pengine kungekuwa na la kufanya. Hakumaliza msimu wa mvua.

Baada ya matanga nilimkuta Mwalimu banda lile lile, ameketi bila kazi yoyote. Nilisema maneno yale tunayoyasema, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Akanijibu taratibu: "Gari nililipima waya kwa waya. Mke wangu nilimkisia." Tangu siku hiyo sikumwona akiligusa gari lile wala chakula kama mtu anayetaka kuishi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeufikiria msemo huu sana wiki hii, na kwa mama huyu naona unasingizia. Yeye hakuficha. Alisema jikoni, alisema kando ya mfereji, alisema mbele yangu. Tumezoea kusikia wanawake wetu wakisema panauma huku wakichota maji na kukata majani ya ng'ombe, na kwa kuwa kazi haikusimama, tunadhani maumivu nayo ni sehemu ya kazi. Injini ikikohoa tunafunua boneti papo hapo. Na Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ndilo linalonikatisha tamaa. Alikuwa mwerevu, mpole, na alimpenda. Kama yeye hakusikia, sisi wengine tutasikiaje?

Sina faraja ya kuwapa leo. Ninalo ombi moja tu: kama kuna mtu nyumbani kwako amekuambia panauma, nawe ukamwambia anywe dawa, weka gazeti hili chini umpeleke akapimwe.