Mikate ya Kuku Wangu

Miaka ile ya sabini, nikiwa mke mpya wa karani wa reli pale Voi, nilisema uongo mmoja ambao mpaka leo unanichoma. Bwana Salim wa dukani alikuwa akiuza mikate iliyolala kwa nusu bei, na mimi ndiye niliyekuwa mteja wake mkuu. Niliona haya kukiri kwamba tunaila wenyewe, nikamwambia ni ya kuku. Sikuwa na hata kifaranga.

Nyumbani niliichoma juu ya jiko la makaa, nikaipaka siagi kidogo. Harufu ile ikijaa chumba chetu kimoja, nilijiona tajiri. Naitamani mpaka leo.

Jumamosi moja mama mkwe akashuka kutoka kijijini kwake, Ronge. Kwake hakikutupwa kitu. Kimanga cha jana, ule mseto wa mihogo na maharagwe yaliyopondwa, kilipashwa moto kikaliwa. Lakini mimi nilitaka anione mke wa mjini. Nikamwandalia chai na mkate, akausifu.

"Ni wa leo asubuhi, mama," nikasema bila kupepesa macho.

Mara nikasikia hodi. Alikuwa Bwana Salim mwenyewe, amebeba gunia kwenye baiskeli.

"Mwanangu, mikate ya juzi imebaki mingi. Nimewaletea kuku wako bure."

Mama mkwe akautazama mkate mkononi mwake. Akamalizia kutafuna taratibu, akameza.

"Mshukuru," akaniambia. "Mwambie kuku wa kutoka Ronge ameshashiba."