Kitabu Nilichomsomea Shangazi Chebet

Wenzangu mliokulia Mogogosiek, mnakumbuka tulivyotoka shule sweta zimelowa, miguu imejaa matope, na harufu ya majani chai yanayokaushwa kiwandani ikitufuata hadi nyumbani? Ulipewa kiazi cha moto na chai ya maziwa, kisha ukatumwa. Hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Wa siku hizi ukiwatuma dukani wanakuuliza kwanza kama mwenye duka hana pikipiki.

Mimi nilitumwa kupeleka chakula cha shangazi. Shangazi Chebet, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyechuma chai miaka mingi hadi Baba akamaliza masomo. Baadaye akaanza kuanguka kifafa, na Baba akamhamishia kwenye jiko la zamani nyuma ya nyumba, na sahani yake na kikombe chake.

"Usikunywe kwa kikombe yake," Baba alitukanya. "Hiyo kitu inashika watu."

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza alitupa kitabu chembamba cha ajabu. Kijana anayelisha jamaa yake anaamka asubuhi amegeuka mdudu mkubwa, nao wanamfungia chumbani. Darasa zima lilicheka. Mimi sikuweza.

Nikaanza kumsomea shangazi kila jioni, nikimtafsiria huku akimenya viazi. Siku moja aliuliza, "Na walimwita tena mezani?"

Mwisho nilikuwa nimeshausoma. Yule kijana alikufa peke yake, na watu wake wakashusha pumzi. Nikadanganya: "Ndio, walimwita."

Shangazi alicheka hadi akapangusa macho. "Wacha uongo, mama. Wangemwita, hicho kitabu kingekuwa kinene."

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Aliondoka, nami siku mbili nzima nikangoja kiboko.

Hakikuja. Jumapili, tulipotoka kanisani, alisimama uani akaita kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Chebet! Kuja ndani, chai inapoa!"

Shangazi aliingia na kikombe chake, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Mama akammiminia chai. Baba akakichukua kile kikombe, akanywa mbele yetu sote, akamrudishia. Wiki iliyofuata walienda hospitali pamoja. Vidonge vilipunguza kuanguka, ingawa havikukomesha kabisa, na jikoni hakurudi tena kulala.

Tulimzika mwaka jana, akiwa bibi kizee. Vijana wa ukoo walituma picha za mishumaa kwa simu. Waliokuja kushika jembe walikuwa wachache. Siwalaumu sana. Wao walifundishwa mapema kwamba kifafa hakiambukizi. Sisi tulijua machache na tukakosea vibaya, lakini tuliishi karibu mno: uliyemkosea jana, leo asubuhi mlikutana uani, na ilibidi umtazame machoni.