Pijo Katika Uchochoro

Wanawake wenzangu wa mtaa wetu wa Gerezani hulalamika kwamba waume zao hawakai nyumbani. Wangu alikaa. Kila alipotoka sokoni Mchikichini, ambako anapunguza suruali za mitumba kwa cherehani, alivua shati la kazi, akavaa jingine bovu zaidi, akaingia chini ya gari uani. Mtu akija kumuulizia Abdulswamad, nilimwonyesha miguu.

Gari lenyewe ni Pijo 404 aliloachiwa na mjomba wake, aliyekuwa dereva wa teksi. Mjomba alipofariki, ndugu waligawana kitanda, redio na baiskeli. Pijo halikuguswa, maana kuku walikuwa wakitaga humo na hakuna aliyetaka ugomvi na kuku. Mume wangu akasema yeye analitaka. Nasma, binti yetu wa pekee, alikuwa bado anasoma chekechea, na aliposikia baba yake ana gari alirukaruka mpaka kandambili ikamkatikia mguuni. Baba yake akamkalisha juu ya boneti akamwambia, “Siku ukiolewa, utatoka nyumba hii ndani ya gari hili.” Mtoto wa chekechea anaahidiwa harusi! Nilicheka. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa anajipa muda wa kutosha.

Sasa, mume wangu ni fundi cherehani, na kila mtu huanza na anachokijua. Alianza na viti. Injini imefunguliwa, imelala vipande vipande kwenye karai langu la kufulia, yeye anashona viti. Alivishona kwa ngozi bandia nyekundu, mshono wa kona haukumridhisha, akafumua, akavishona upya kwa rangi ya kahawia. Kisha akaweka mapazia. Gari halina magurudumu, lina mapazia. Wapangaji wetu wakipita kwenda bafuni walikuwa wanaliamkia, “Shikamoo, Pijo,” na yeye chini kule anaitikia, “Marahaba.”

Injini ilikuwa kazi ya Ignasi. Huyu ni jirani yetu, Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa karakana ya reli, na kwa kuwa sisi ni Wazaramo, yeye ni mtani wetu. Mgeni akiwasikia wawili wale kwa mara ya kwanza angekimbilia kuita wajumbe waje kuamua ugomvi.

“Nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha hata wali motoni,” Ignasi angesema, kichwa kimezama ndani ya boneti. “Ndiyo maana gari haliishi.”

“Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu,” mume wangu anamjibu. “Wewe kubeba gia boksi kutoka hapo nje tu unahema kama umekimbizwa.”

Mimi nawapelekea chai na vitumbua, nakaa kizingitini nawasikiliza. Sitasema uongo, jioni zile zilikuwa nzuri. Nyumba iliyokuwa na Ignasi uani haikuwa na mtu wa kununa.

Lakini kazi yenyewe haikuwa na mwisho. Gerezani ukitaka kipuri cha Toyota unapewa kabla hujamaliza kukitaja. Ukitaka cha Pijo 404 wanakutazama kama uliyeulizia treni ya kwenda Zanzibar. Kwa hiyo kabureta ilitoka kwenye Datsun, feni ikatoka sijui wapi, na pampu ya maji ilichongwa, ikavuja, ikachongwa tena. Breki zikipona, klachi inakufa. Klachi ikifufuka, kutu imeshatoboa sakafu, na ukikaa kwenye usukani unaona sementi ya ua katikati ya miguu yako.

“Mvumilivu hula mbivu, Mama Nasma,” ananiambia.

“Hizo mbivu zimeshaoza, Baba Nasma.”

Anacheka, anarudi chini.

Kilichoniuma hasa ni rangi. Hiyo hakumwachia mtu yeyote, hata Ignasi. Alinyoosha bodi mwenyewe, akaziba mabonde kwa puti, akapiga msasa mpaka vidole vikakosa alama, kisha akalipaka kijani kibichi cha jani la mgomba. Halafu akaona wimbi kwenye mlango wa nyuma, wimbi ambalo sisi wengine hatukuliona, akaukwangua mlango mzima akaanza upya. Tangu hapo nyumba yangu mwenyewe niliipita kwa adabu. Nikibeba ndoo: “Mama Nasma, taratibu.” Nikianika shuka: “Mama Nasma, waya huo.” Kanga zangu nzuri nilizikuta zimekuwa za kulipangusa. Nililiita mke mwenza, na watu walicheka, lakini mke mwenza wa watu angalau ana zamu. Siku moja Nasma, msichana wa kidato cha pili, aliegemeza fagio kwenye ubavu wa gari, fagio likateleza. Baba yake hakumgombeza. Alilitazama tu lile chubuko, akanyamaza, na mtoto akaenda kulala bila kula.

Usiku ule niliingiwa na swali ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa niliogopa jibu. Siku ikimlazimu achague kati yetu na rangi ile, atachagua nini? Nilikaa na swali hilo kifuani miaka mingi, huku namkorogea chai.

Katika miaka hiyo kila nyumba ya mtaa wetu iligeuza baraza kuwa fremu za maduka, nasi tukajenga zetu. Uchochoro wa ubavuni, kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, ndio uliokuwa njia ya pekee ya gari kutoka uani kwenda barabarani, na fremu zilikuwa zinaumega. Mume wangu akachukua futi kamba anayoivaa shingoni. Akalipima Pijo kifua, akalipima kiuno, akaupima uchochoro, akamwonyesha mwashi pa kuishia.

“Vidole viwili kila upande,” alisema. “Vazi likimkaa mtu vizuri halipwayi.”

Basi, Nasma akapata mchumba. Shukuru, kijana wa Buguruni, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, mpole, ana heshima. Watu wake walisema wataleta Prado yenye maua. Nasma akawaambia asante, lakini yeye atatoka kwao na Pijo.

“Na kama halijapona?” nilimuuliza.

“Nitasubiri lipone, mama.”

Baba yake alikuwa chini ya gari, anasikia yote. Alitoka macho mekundu, akasema vumbi la kutu limemwingia. Kuanzia siku hiyo utani ulipungua uani na kazi ikaongezeka. Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, Ignasi akapiga stata, gari likakohoa, likakohoa tena, moshi ukajaa mpaka wapangaji wakatoka vyumbani wamebeba watoto. Kisha likanguruma. Abdulswamad aliinua mikono akasujudu palepale kwenye oili. Mimi nilipiga kigelegele, mimi niliyewahi kuliombea gari lile liungue.

Akalipeleka mbele kidogo, akalirudisha nyuma, mule mule uani.

“Litoe nje tulijaribu,” Ignasi akamwambia.

“Halitoki mpaka litoke na Nasma.”

“Uchochoro je?”

“Nilishapima. Fundi hampimi mteja mmoja mara mbili.”

Na kweli alishapima. Ila wiki ile ile, kama ilivyo kwa nyumba yenye harusi, tulikuwa tumepiga lipu. Wifi yangu Mboni, ambaye ndiye somo wa Nasma, alisema wageni hawapokelewi na matofali matupu. Fundi akaja, akaipiga lipu nene na laini nyumba nzima, mpaka kuta za uchochoro. Jirani naye akaturuhusu tumpigie upande wake, tena akashukuru. Abdulswamad mwenyewe alisimamia kazi na kumsifia fundi. Tulipita pale na masufuria ya pilau asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kuta zimenenepa.

Jumamosi ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri. Shukuru na watu wake wakaja kusubiri barabarani na matarumbeta. Kwa desturi baba hampeleki binti yake kwa mumewe, lakini mume wangu aliwaambia wazee kwamba leo yeye ni dereva tu. Alivaa kanzu na kofia ya viua. Nasma akaingia nyuma na hina yake na shela lake, Mboni akakaa pembeni yake, mapazia ya pembeni yakafungwa vizuri. Mimi, kama mama wa bibi harusi, nilibaki uani kuwaangalia wakiondoka. Ignasi alitangulia kinyumenyume akipunga mikono kama anapokea treni.

“Njoo, njoo, njoo, njoo…”

Pua ya Pijo iliingia uchochoroni vizuri. Milango ya mbele ikaingia, ya nyuma ikaingia nusu. Kisha ikasikika krrr, na gari likasimama.

“Simama!” Ignasi alipiga kelele, wakati lilikuwa limeshasimama.

Vishikio vya milango vilikuwa vimeuma lipu pande zote mbili. Mboni alisukuma mlango, ukafunguka upana wa kidole, ukagonga ukuta. Nje matarumbeta yaliendelea kwa muda, kisha yakanyamaza moja moja, watu wakaanza kuchungulia.

Ushauri ukamiminika kutoka kila upande. Vijana wakataka kulivuta lirudi uani. Mboni akatoa kichwa dirishani. “Bibi harusi ameshatoka. Harudishwi nyuma, hata kwa gari! Mnataka aachike?” Mwingine akasema basi apitishwe dirishani, Prado waliyokuja nayo watu wa Shukuru ipo, ataletewa stuli. Hapo nilishindwa kunyamaza. “Mwanangu atoke kwa baba yake kwa dirisha, kama mwizi?”

Ignasi alikuwa ameinama, anapitisha kidole penye lipu. Aliponyanyuka hakuwa na utani hata chembe. “Nileteeni tindo na nyundo,” alisema. “Tutaibandua lipu polepole, rangi isiguswe. Mpaka magharibi tutakuwa tumelitoa.”

Mpaka magharibi! Buguruni wazee wamekaa kwenye majamvi, chakula kimeiva, na mkwe mpya amesimama juani na suti. Nilimtazama mume wangu kupitia kioo cha nyuma. Nilikuwa naona kofia yake na shingo tu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

Ndipo Nasma akasema, kwa sauti ndogo, nami nikamsikia kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, “Baba, nitasubiri. Si neno.”

Mtoto amekua katika nyumba hii anaijua rangi ile ina thamani gani, na siku ya harusi yake anaipisha.

“Ignasi,” mume wangu akaita. “Toka mbele.”

“Subiri kwanza, Mzaramo. Hiyo rangi…”

“Nimekwambia toka mbele, mtani.”

Akatia gia. Gari likanguruma, likaenda. Sauti ile sitaweza kuieleza, chuma na lipu vinatafunana, mabonge yanaanguka, kishikio kimoja kikang'oka kikaruka mpaka miguuni pangu, vikafuata vingine. Ubavu mzima, kutoka taa za mbele hadi taa za nyuma, kulia na kushoto, ule ubavu uliopigwa msasa kwa mkono, ulikwanguliwa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Aliyekuwa akikaa kimya siku nzima kwa chubuko la fagio, safari hii hakugeuza hata shingo. Alitazama mbele tu, barabarani, pale Shukuru alipokuwa amesimama. Nilijikuta nalia kwa sauti, na wanawake wakadhani nalia kwa sababu mwanangu anaondoka, wakaja kunipa pole. Sikuwasahihisha.

Matarumbeta yakalipuka. Pijo likaibukia barabarani limejaa vumbi la lipu kama lililopakwa poda, na mtaa mzima wa wauza vipuri ukalishangilia. Lilifika Buguruni. Lilichemka mara moja njiani, wakalinywesha maji, likaendelea.

Magharibi ilipopita alirudi peke yake. Alilisimamisha barabarani mbele ya fremu. Nilitoka nikalizunguka. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, na nikaona kwamba anayehitaji kufarijiwa ni mimi. Milango haikuwa na vishikio tena, kwa hiyo alijinyoosha akanifungulia kwa ndani. Nikakaa kiti cha mbele. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukikalia, na ni kizuri, lazima niseme, mshono wa kona umetulia.

“Pole na rangi,” nikamwambia.

“Rangi inauzwa hapo ng'ambo,” akasema. “Ungemwona Nasma alivyokuwa anacheka njia nzima! Mboni amefunika uso, mtoto anacheka.”

Nilimshika mkono, mkono mgumu wenye oili kwenye kucha hata siku ya harusi, tukakaa vile mpaka watu wa fremu wakafunga maduka. Siku hiyo nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Asubuhi niliamka nikasikia msasa. Ameshaanza tena, pale pale barabarani, na Ignasi amesimama nyuma yake anamwambia anapiga vibaya. Nilipowapelekea chai nikaona alikoanzia. Alikuwa ameanza na mlango wa upande wangu.