Bibi Ndiye Muuaji

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana nisipokiri mimi, wifi yangu atalitangaza. Siku tano kabla ya mama kwenda kupasuliwa jicho, mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilikaa naye sebuleni tukaangalia filamu ya mtu anayechinja watu kwa kisu.

Sikupanga. Ilikuwa Jumamosi, mvua imetushika tangu alfajiri, na huku kwetu juu ya Soni ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Shambani hakuendeki. Tulikuwa wanne: mama, mimi, binti yangu wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, na wifi, mke wa kaka yangu, ambaye nyumba yake na yetu zinatenganishwa na mstari wa migomba. Tulikuwa tunamenya maharage mabichi. Binti akasema ana filamu nzuri, imetafsiriwa Kiswahili, zile za mtu mmoja kusema sauti zote, za wanaume na za wanawake. Mama anazipenda hizo kupita kiasi, kwa sababu anaangalia kwa masikio.

Jicho lake la kulia lilikufa zamani, lilichomwa na kijiti akikata kuni. La kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho mwaka wa tatu sasa, anaona mwanga na vivuli, basi. Mara mbili tulimpeleka hospitali na mara mbili alirudi hivyo hivyo. Mara ya kwanza alishuka garini pale Soni akasema hakumbuki kama amefungia kuku. Mara ya pili alifika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akageuza.

"Hili moja bado linanionyesha mlango uko wapi," aliniambia. "Wakilikata likagoma, nitabaki na nini?"

Hofu hiyo hiyo na mimi nilikuwa nayo. Lakini safari hii daktari alikuwa ametuambia wazi: jicho limekomaa, tukiacha tena, mwakani huenda lisisaidike. Kwa hiyo Alhamisi ile aliyotupangia ndiyo ilikuwa yenyewe.

Filamu ikaanza. Vijana sita wamekwenda kukaa kwenye nyumba ndani ya msitu. Mama akauliza wamefuata nini huko, kuni? Binti akamwambia wamekwenda kustarehe. Mama akaguna. Mara likaingia jitu limefunika uso kwa gunia, kisu mkononi, vijana wakaanza kupiga mayowe.

"Amepiga hodi?" mama akauliza.

"Hajapiga, bibi."

"Na wao wamemwamkia?"

"Bibi, ana kisu!"

"Kisu hata mimi ninacho hapa. Mtu mzima anaingia ndani, watoto sita wanamtolea macho, hakuna hata mmoja wa kumpa shikamoo. Mimi ningeanza na yule anayepiga kelele."

Weee! Tulicheka mpaka wifi akamwaga bakuli la maharage, tukayaokota huku machozi yanatutoka.

Ilipokwisha, binti akachukua daftari lake la Jiografia akaanza kutupima kila mmoja angekuwa nani mle ndani. Swali la kwanza: usiku mko peke yenu, mlango unagongwa, unafanya nini? Wifi akajibu, "Nasema karibu." Mimi nikajibu, "Nasema karibu." Mama akasema, "Nasema karibu, pita ndani, umekula?" Binti akatupa kalamu. Akasema ukoo mzima tungekwisha kabla filamu haijafika katikati, na tabia hii ya kukaribisha watu bila kuuliza ni nani itatumaliza kweli.

Alipoendelea na maswali mengine akapata majibu yake. Wifi ni yule anayekufa wa kwanza, kwa sababu kila akisikia mchakacho lazima atoke akachungulie. Wifi akasusa. Alisema yeye hachungulii, yeye anajali majirani. Mimi nikaambiwa ni yule msichana wa mwisho, anayebaki hai peke yake, kwa sababu sipigi kelele na kila mzigo naubeba mimi. Siwezi kuficha, nilivimba kichwa. Nikamwambia wifi, umesikia lakini? Anipe heshima yangu. Siku nzima nilitembea mle ndani na mabega juu.

"Na mimi je, mke mwenzangu?" mama akamuuliza mjukuu wake. Ndivyo wanavyoitana.

"Wewe bibi ndiye muuaji."

Jamani, mama alifurahi! Jioni nzima alikuwa anakata kabichi kwa kupapasa, nyembamba kama za hotelini, huku akiuliza, "Zamu ya nani sasa?"

Basi mimi nikajua yameisha. Kumbe. Jumatano jioni nikiwa nampaka mafuta miguuni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule daktari wa kupasua, naye hufunika uso?"

Nikasema, "Sijui, mama." Mwongo mkubwa. Nilikwenda jikoni nikajitukana mwenyewe. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama yake ana hofu ya kisu miaka mitatu, wewe unamwekea filamu ya visu! Wifi naye aliposikia hakunionea huruma hata kidogo. Alisema, "Sasa msichana wa mwisho, ukamalizane na muuaji mwenyewe."

Alhamisi ikafika, tukaondoka watatu: mama, mimi na wifi. Pale Soni nilishika mkono wa mama mpaka gari likaondoka, asije akakumbuka kuku. Hospitali walimvalisha gauni la kijani, wakamtia dawa jichoni, wakamkalisha kwenye kiti nje ya chumba cha upasuaji. Mlango ukafunguliwa. Akatoka daktari, mrefu, kijani juu mpaka chini, kofia, barakoa imefunika uso wote yakabaki macho. Nyuma yake vyuma vinagongana kwenye sinia.

Mama akainua uso. Kivuli alikiona. Nikauona mkono wake unashika ukingo wa kiti, kama mara ile ya pili, na nikajua anageuza.

"Ewe baba," akasema. "Huku kwetu watu wanaamkiana."

Daktari akasimama. Kijana wa watu, hata miaka thelathini na tano sidhani kama anayo. Akavuta barakoa ikashuka kidevuni, akachuchumaa mbele ya mama. "Shikamoo mama. Nisamehe sana."

"Marahaba. Onga makeo."

Salamu yetu ya Kisambaa hakuijua; mwenyeji si yeye, hilo lilionekana. Nesi akamnong'oneza namna ya kuitika. Mama akaanza: nyumbani kwenu hawajambo, wazazi wako wazima, mahindi huko kwenu yamekubali, na wewe mwenyewe umeamka salama, umelala vizuri, mkono hautetemeki? Daktari akajibu kila swali, hakuruka hata moja, mpaka hilo la mkono. Akaunyoosha mkono, akauweka kwenye kiganja cha mama. Mama akaupapasa kidole kwa kidole, taratibu.

"Haya," akasema. "Funika uso wako, twende."

Akaingia kwa miguu yake. Mlango ukafungwa, na mimi, msichana wa mwisho, nikakaa chini sakafuni, puu. Wifi ananipepea kwa kadi ya kliniki huku anacheka, nesi ananiletea chai ya rangi yenye sukari nyingi, na wagonjwa halisi wananionea huruma. Jioni wifi alimpigia binti simu akamhadithia yote, na nasikia daftari la Jiografia lilirekebishwa siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya Ijumaa walimfungua bendeji. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimejiandalia maneno yote mawili, ya heri na ya shari. Nesi alikuwa amesogeza pazia kidogo ili mwanga usimchome. Mama akapepesa jicho. Akatazama dirisha, akamtazama nesi, akatazama mikono yake mwenyewe muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi.

"Umekonda hivyo tangu lini?" akauliza. "Kila siku nakuuliza umekula, unasema umekula."

Miaka mitatu nilimlisha, nikamwogesha, nikalima, nikauza, na siku nilizozidiwa nilikuwa nalia mbele yake pale pale, nimekaa naye mkeka mmoja. Nilikuwa nimejifunza kulia bila sauti, mdomo nimeubana, huku namwambia mimi mzima. Hakuwahi kujua hata mara moja. Siku ile machozi yakanitoka tena, nikaubana mdomo kama nilivyozoea.

"Sasa unalia nini?" mama akasema.