Ng'ombe Wasioujua Mto

Tangu habari zifike kwamba mto Boteti unarudi, Gaolekwe hakutulia mahali pamoja. Kisima chake kilikuwa katikati ya mto mkavu, na pampu iliyokuwa humo ndiyo iliyonywesha ng'ombe wake miaka yote ya ukame. Akiiacha, maji yataizamisha. Akiing'oa mapema, ng'ombe watakufa kiu. Kila siku alipanda punda kwenda kuchungulia maji yamefika wapi, akarudi akigomba peke yake.

"Umekwenda tena?" mkewe Boitshepo alimtania. "Huo mto una miguu yake, baba Tumo. Hauhitaji kusindikizwa."

"Wewe cheka tu. Pampu ikizama utavuta maji kwa meno?"

Akaing'oa. Na mto, kwa kiburi chake, ukasimama kona ya pili kutoka kisimani, mchanga ukiunywa. Ng'ombe wakalia kwenye hori tupu la kunyweshea, juu ya ukingo. Hori lenyewe lilikuwa mtumbwi wa marehemu baba yake, uliokosa kazi mto ulipokauka. Gaolekwe alijilaumu mpaka chakula kikamshinda.

Asubuhi ya tatu maji yakaja, polepole, yakisukuma povu na majani makavu, yakafunika kisima. Akawaswaga ng'ombe mbio kuyafuata. Wakagoma. Wote walizaliwa katika ukame. Hawakuwahi kuona maji yanayotembea. Wakanusa, wakakoroma, wakarudi kwenye hori lao tupu. Ndama mmoja akalala, akashindwa kuinuka.

"Kunyweni, wapumbavu nyie!" alifoka, sauti ikimkatika. "Mnataka kufa mbele ya maji?"

"Wanachojua ni hori," alisema Boitshepo, safari hii bila kucheka. "Basi wape hori."

Wakauburuta mtumbwi, wao wawili, mpaka kwenye tope. Gaolekwe akawa anachota mto na kuumimina humo, ndoo baada ya ndoo, kama mwendawazimu. Ng'ombe wakaja, wakazamisha pua.

Hakuona maji yakimpanda miguuni. Mtumbwi ukatikisika, ukainuka, ukaanza kwenda. Ng'ombe wakaufuata, pua zimo ndani, mpaka mto ukawafika matumboni. Ndipo yule mwekundu wa mbele akalikosa hori, akanywa mto. Wenzake wakainamisha vichwa.

"Baba Tumo, mtumbwi unakwenda!"

"Uache," alisema Gaolekwe, akilia waziwazi. "Ndiyo kazi yake."

Akajaza ndoo ya mwisho, akampelekea ndama.