Mbao Nne Chini ya Rangi Nyeupe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mashua pale Musoma sikupewa brashi. Nilipewa nyundo ndogo ya mti, nikaambiwa nizunguke chombo kilichovutwa nchi kavu nigonge ubao mmoja mmoja. Fundi Mkuu, Mjita mfupi asiyependa maneno, alinifuata nyuma akisikiliza. "Ubao mzima unaitikaga," akasema. "Huo umenyamaza. Weka chaki." Rangi nilikuja kuruhusiwa kuishika baada ya mwaka mzima wa kugonga, kukwangua na kupiga msasa. Ninyi wa siku hizi mnaanzia kwenye rangi. Nisameheni nikiandika kwa ukali. Niliyoyaona yalitokana na haraka hiyohiyo.

Uhuru ulinikuta hapo. Ufukweni kulikuwa na mashua ya matanga ya Mzungu mmoja aliyezoea kuzunguka nayo ziwani wakati wa likizo. Aliporudi kwao aliiacha, jua na mvua vikaila. Ilipofika enzi ya vijiji vya ujamaa, ikaamuliwa itengenezwe ili imbebe nesi na dawa kwenda vijiji vya rasi, ambako barabara ilikatika kila masika. Fundi Mkuu alikwisha kustaafu, kazi nikapewa mimi.

Tuliikwangua mpaka mti ukaonekana. Juu ilikuwa mvule mtupu, nzima kabisa. Lakini chini, karibu na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, mbao nne zilinyamaza. Nilichoma msumari kwa mkono, ukazama kama umechomwa kwenye ugali. Nikaomba mvule mpya na wiki tatu: kung'oa, kuweka nyingine, kutia kalafati, ndiyo ile pamba yenye mafuta inayoshindiliwa kwenye maungio maji yasipite, na rangi mwisho wa yote.

Meneja wa karakana alikuja akiangalia saa. "Wageni wa mkoa wanafika Jumamosi. Piga rangi."

"Ndugu Meneja, chini imeoza."

"Nani atakwenda kuchungulia chini ya maji?"

"Hakuna. Lakini nesi atakaa juu yake."

"Unakwamisha maendeleo ya wananchi, Ndugu. Ujamaa ni kazi, siyo maswali."

Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Mimi niliuamini ujamaa. Kila Jumamosi nilikuwa natoka kwenda kulima shamba la pamoja kule Bugwema, wala hakuna aliyenisukuma. Sikugusa brashi. Kesho yake nikapata barua ya uhamisho kwenda Bunda, kutengeneza milango ya maghala ya pamba. Wenzangu wakaamriwa wapake. Nasikia mashua ilimetameta, nyeupe yenye mkanda wa buluu, na wageni wakapiga makofi.

Kutoka Bunda nikapelekwa Butiama kutengeneza madawati. Huko ndiko ilikonifikia barua ya pili. Mashua ilikuwa imejaa maji mbali na nchi kavu. Masanduku ya chanjo yalizama. Nesi Nyamisi na mwendesha mashua waling'ang'ania mlingoti mpaka wavuvi wakawaopoa. Sababu ya ajali, barua ilisema, ni uzembe wa fundi. Fundi huyo nilikuwa mimi! Nikapewa onyo kali.

Nilipanda lori la pamba hadi Musoma, nikaingia mkutano wa wafanyakazi bila kualikwa. Kabla sijafungua mdomo, Nesi Nyamisi alisimama, mkono umefungwa bandeji.

"Mimi ndiyo nilikuwa ndani," akasema. "Hakukuwa na wimbi. Maji yalitokea chini ya miguu yangu."

Nikawaomba watu watoke nje. Mashua, iliyokokotwa na wavuvi hadi ufukweni, ilikuwa imelazwa ubavu. Nikabonyeza dole gumba kwenye ile rangi nyeupe, likapita hadi ndani.

"Unaharibu mali ya umma!" Meneja akapiga kelele.

"Mali gani?" mama mmoja mfagizi akamjibu. "Hiyo si unga tu?"

Nilipewa mvule wangu na wiki zangu tatu, na mashua ile ilitumikia rasi miaka mingi bila kuvuja. Meneja hakupewa onyo. Alihamishiwa mji mwingine, kwenye ofisi kubwa zaidi.

Siku ya kustaafu nilimwomba ofisa utumishi alitoe onyo lile kwenye faili. "Mzee, hayo ni ya zamani," akasema. "Yanakuumiza nini?" Akafunga faili.

Nesi Nyamisi naye amestaafu. Dada yake ameolewa Kinesi, ng'ambo tu ya ghuba. Ukisimama ufukweni Musoma unaziona nyumba za huko. Watu huvuka kwa kivuko na kurudi kabla chakula cha mchana hakijaiva. Nesi huzunguka kwa basi hadi darajani Kirumi, nusu siku nzima kwenda, nusu siku kurudi. Tangu siku ile hajakanyaga tena chombo cha majini, na jambo hilo halikuandikwa kwenye faili la mtu yeyote.