Mlio wa Paja Langu

Mimi na kakangu mdogo tulivunjika paja siku moja, kwenye pikipiki moja, yeye akiendesha na mimi nyuma nimekumbatia robota la vitambaa vya kushonea. Daktari mmoja akatutia vyuma vya aina moja ndani ya mfupa, virefu kama mwiko wa ugali. Tukiwa bado kwenye magongo kakangu alinitania kwamba siku tukifa, wanunuzi wa vyuma chakavu ndio watakaolia kuliko ndugu. Nilicheka hadi mshono ukauma.

Mwaka jana alizama. Alikuwa analima tikiti kando ya bwawa, upande wetu wa Kithyoko, akipandisha maji kwa pampu. Mdomo wa paipu uliziba huko chini. Akavua shati, akaingia kuuzibua, hakutoka tena. Waliofika kwanza walikuta shati limelala juu ya pampu na pampu bado inanguruma. Wapiga mbizi walikuja, wakatafuta, wakaenda zao. Watu waliojazana ukingoni wakasema ni mamba, na walisema hivyo mbele ya mama yetu huku wakimenya miwa. Sijawasamehe na sina mpango huo.

Mama hakuwa na shida ya kuamini kwamba mwanawe amekufa. Alichotaka ni kumzika. Kando ya kaburi la baba aliacha kipande cha ardhi bila kupanda kitu, mbaazi zikakizunguka pande zote, na ole wako ukipitisha jembe pale. Baba mdogo, ambaye hupenda mambo yaishe ili arudi kwake, akatangaza kwamba maji ya bwawa yakijaa tena kabla hajapatikana, tutazika nguo zake, watu wapumzike.

"Nguo sikuzizaa mimi," mama akamjibu.

Basi kiangazi kilipokaza na maji yakarudi nyuma, nikafikiria kile chuma cha pajani mwa kakangu. Mimi si mtoto. Nilijua maji na vilivyomo majini vinaweza kumaliza karibu kila kitu cha mtu, lakini chuma hakiliwi. Binamu yetu anayefanya kazi hotelini Mombasa akanitumia kwa basi mashine ya kusaka vyuma majini, ile ambayo wageni hutafutia pete zilizoanguka ufuoni. Ni mti mrefu wenye sahani mwishoni, kisanduku cha betri, na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Sahani ikipita juu ya chuma, unasikia mlio.

Siku ya kwanza ilinitesa vibaya. Mti ulikuwa mtupu ndani, ukawa unaelea na kunivuta juu, nami naukandamiza kama ninayepigana na mbuzi. Kisanduku kilining'inia mkononi hadi vidole vikafa ganzi. Gambuti zangu zilijaa maji. Jioni nilimpigia binamu nikamwambia amenitumia takataka.

"Dada, hiyo kitu haibebwi na nguvu," akasema. "Mkono ukiuma, ujue umeifunga vibaya. Ifunge kama mtu atakayeishi nayo."

Hapo alinigusa mahali, maana mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu ni kufanya kitu kikae mwilini bila mwenyewe kukikumbuka. Nikaumwagia ule mti mchanga ndani, kidogo kidogo, hadi ukaacha kuelea na ukaacha pia kuzama. Mahali pa kuegemeza kiwiko nikapashonea sponji ya godoro kuukuu. Vipokea sauti nikavivika kitambaa laini. Gambuti nikazitupa, nikavaa viatu vya plastiki nikavifunga kwa ukanda wa tairi. Kilichobaki ni kisanduku. Mama alinitazama nikihangaika nacho, akaingia ndani, akatoka na mukwa wake, ule ukanda wa ngozi aliobebea kuni na mitungi ya maji maisha yake yote, unaopita kichwani na kushika mzigo mgongoni. Kipaji cha uso wake kina alama ya ukanda huo hadi leo. Aliniwekea mwenyewe, akavuta, akalegeza, kisanduku kikatulia juu ya kiuno changu, juu kuliko maji yangefika.

"Hapo utatembea," akasema.

Tatizo moja halikuwa la kushona. Kila nilipoupeleka mti karibu nami, mashine ililia. Siku ile ya kwanza nilisimama mara nyingi, nikachimbua tope kwa mikono, kumbe ni paja langu mwenyewe. Nikaurefusha mti, nikajizoeza kuupeleka kushoto na kulia kama ninayefagia uwanja, bila kuurudisha mguuni. Lakini kwanza nilikaa kwenye jiwe nikapitisha sahani juu ya paja makusudi, nikasikiliza. Vizibo vya soda hulia mlio mkali mfupi. Paja langu lilitoa mlio mzito, mrefu, wa kuvuta. Nikajua huo ndio nitafutao, kwa sababu chuma chake na changu ni kimoja.

"Hebu nami nimsikie," mama akasema, akanyoosha mkono.

"Baadaye, mwaitu. Tunapoteza jua."

Kuanzia hapo tukawa tunashinda pale, yeye ukingoni na fimbo akichunga maji, mimi ndani hadi mapajani. Mashine ilinitulia kabisa. Nilisahau kwamba ninaibeba, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba kazi kama ile nayo mtu anaweza kuizoea. Kilichouma ni mguu tu. Maji baridi yaliingia hadi kwenye kile chuma, na usiku sikupata upande wa kulalia. Daktari alikuwa amekwisha kuniambia mfupa umeunga, niende wakati wowote akitoe. Nikasema nitaenda kazi hii ikiisha.

Nilipata vifuniko vya sufuria, jembe lisilo na mpini, ndoana, bati. Asubuhi moja mlio ukaja mzito, mrefu, wa kuvuta. Niliangalia mguu wangu, sahani ilikuwa mbali nao. Nikapaza sauti, mama akaingia majini na nguo zake. Tukachimba pamoja, bega kwa bega, yeye akitaja jina la mwanawe polepole kama anayemwamsha. Tukatoa valvu nzito ya mdomoni mwa paipu ya pampu, bado imesokotwa na majani. Ndiyo ambayo kakangu alikuwa ameingia kuizibua. Mama aliishika, akaitoa yale majani yote moja moja, kisha akaiweka ukingoni. Mimi nilitukana matusi ambayo hakuwahi kunisikia nikiyatamka, naye hakunikemea.

Mvua ikaja. Maji yakapanda yakafunika jiwe langu, kisha shamba la tikiti. Nilichukia kila tone, mimi niliyezaliwa Ukambani, ambako mvua huombewa kanisani.

Baba mdogo alipata alichotaka. Tulizika shati lile, suruali moja na viatu, katika jeneza la urefu wake. Waliolibeba walijitahidi kutembea kama waliobeba mtu. Mama alitupa udongo wake, akashukuru waliokuja, akahakikisha wamekula.

Walipoondoka wote aliniambia, "Leta ile mashine."

Nikaileta. Akakaa kwenye kigoda, akavaa vipokea sauti juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaniambia ninyooshe mguu. Nikamwonyesha namna ya kupitisha sahani. Alipoifikisha pajani alisimamisha mkono, macho akayafumba.

"Ndivyo angelia?"

"Ndivyo hivyo, mwaitu."

Akaipitisha tena, polepole. Hakulia. Nilitamani kulia kwa niaba yake, nikashindwa.

"Hicho chuma," akasema bila kufumbua macho, "usikubali wakitoe."

Mguu ulikuwa unaniuma hata wakati huo. Nikamwambia sitakubali, na nilikaa nimeunyoosha hivyo hivyo mpaka betri ilipokwisha.